Kwa Nini Watu wa Vumboji Hubisha Hodi Chemchemini

Zamani, wakati kengele ya kanisa la Vumboji ilikuwa bado ni kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini, hakuna mtu aliyebisha hodi kwenye chemchemi ya Nkombo. Watu walifika pale kwa kunyata. Mwanamke alitua mtungi wake mbali, akavua makubazi kama alikuwa nayo, akainama bila kukohoa, akateka, akaondoka kinyumenyume. Aliyepiga chafya alirudi nyumbani na mtungi mtupu na kwenda kuteka mtoni, mwendo wa kuchosha magoti. Na hofu yote hiyo haikuwa ya chui wala ya nyoka. Ilikuwa hofu ya kaa.

Ukiwaona kaa wenyewe utashangaa. Ni kaa wa mlimani, wa maji baridi, wana rangi ya udongo uliolowa, na mkubwa wao hajazi kiganja. Hukaa chini ya mawe pale maji yanapochimbuka, hutoka jua likipungua, hula majani yaliyooza, hurudi chini ya mawe. Hakuna aliyewala, hakuna aliyewafuga. Lakini wazee walisema kaa ndio wenye maji. Maji ya Nkombo ndiyo yaliyojaza ndiva, lile bwawa la udongo ambalo watu wa milima yetu hulihifadhia maji ya mifereji, na ndiva ndiyo iliyolisha kila shamba la mahindi na maharage hadi bondeni. Kwa hiyo ukimtaja mwenye maji, umemtaja mwenye uhai wa watu wote.

Aliyemkanyaga kaa, hata kwa bahati mbaya, alitoa mbuzi. Mbuzi alichinjwa palepale chemchemini, na nyama yake, kwa njia ambayo haijawahi kuelezwa vizuri, iliishia nyumbani kwa Mzee Kalutu, mlinzi wa Nkombo. Msimcheke. Kalutu hakuwa tapeli. Ulinzi ule aliachiwa na baba yake, na baba yake aliachiwa na babu yake, naye aliamini kila neno aliloambiwa. Yeye mwenyewe aliwaogopa kaa kuliko mtu yeyote, na katika maisha yake yote hakuwahi kumgusa hata mmoja.

Sasa palikuwa na mwinjilisti aliyeitwa Togolani. Alizaliwa Vumboji, akaenda kusoma misheni, akarudi na Kitabu, ubao wa kuandikia, na mke mpole mwenye maneno machache aliyeitwa Nanzia. Mwalimu Togolani alikuwa mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake, na ushujaa wake haukuwa wa mdomo. Hilo watu walilijua kwa sababu ya mtoto.

Katika zama hizo mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu aliitwa kigego, na kigego alihesabiwa kuwa mkosi kwa ukoo mzima. Upande wa machweo wa kijiji chetu kuna jabali refu linalotazama nyika. Yaliyofanyika pale hayahitaji kusimuliwa kirefu. Kila ukoo wa Vumboji una mtoto wake ambaye hatajwi, na wanaume waliotumwa kwenda na tenga jabalini walirudi wakanyamaza mpaka kufa kwao.

Asubuhi moja Togolani alikutana na wanaume wawili njiani, nao wamebeba tenga, na ndani ya tenga mlikuwa na mtoto wa kike. Njia ile ni nyembamba. Huku ukuta wa mlima, huku korongo. Togolani alisimama katikati. Wakamwomba apishe, hakupisha. Wakamtisha, hakupisha. Wakamweleza, kwa subira kabisa, kwamba mtoto huyu hana faida kwa mtu yeyote, kwamba atawaua wazazi wake na kuku wao na mahindi yao. Togolani akawajibu kwamba Mungu hana takataka. Hakusema jingine. Mwishowe walichoka, wakamwambia basi mkosi uwe wake, wakaweka tenga chini na kurudi. Nanzia hakuwa amejaliwa mtoto. Alimpokea yule, akamkuza kwa maziwa ya mbuzi na uji mwembamba, wakamwita Nakijwa.

Watu walingoja nyumba ya mwalimu iungue. Haikuungua. Walingoja Nanzia afe, naye akanenepa kidogo. Kidogo kidogo mama mwingine akamficha mtoto wake mpaka meno ya chini nayo yakatoka, kisha mwingine, na baba mmoja mkali akasema wazi kwamba wake hatoki nyumbani. Nakijwa alipofika umri wa kubeba mtungi, hakuna tena aliyekwenda jabalini na tenga. Ni jambo kubwa kuliko yote yaliyowahi kutokea Vumboji, na lilianzishwa na mtu mmoja mfupi aliyekataa kupisha njia.

Nakijwa mwenyewe hakulijua hilo kama hadithi kubwa. Alilijua kama mtu anavyojua jina lake. Alikuwa msichana mbishi, mchapakazi, mwenye meno ya juu yaliyochomoza kidogo, naye alicheka bila kuyafunika kwa mkono. Alimpenda Togolani kwa namna ya kumwonea fahari. Akihubiri, yeye alikaa mbele, na akikosea mahali aliponukuu, yeye ndiye aliyemsahihisha wakati wa chakula.

Shida ilianza Togolani alipokuwa ameshinda karibu kila kitu. Kanisa lilijaa. Wazee waliokuwa wakimtukana sasa walimtengea kiti. Lakini siku moja alikwenda Nkombo akamkuta mzee wa kanisa lake, mtu mzima aliyebatizwa kwa hiari yake, amevua viatu na kuinama mbele ya jiwe akiwasihi kaa wamruhusu ateke. Mtu huyohuyo aliingia kanisani na viatu kila Jumapili. Togolani alirudi nyumbani hakula. Alimwambia Nanzia kwamba kazi yake yote ni bure, kwamba watu hawa wamemwongeza Mungu juu ya kaa kama mtu anavyoongeza koti juu ya koti.

Hakuogopa kudharauliwa. Aliogopa jambo lililo baya zaidi. Alijua kwamba hofu ni ukoo mmoja. Aliyewafundisha watu kumwogopa kaa ndiye aliyewafundisha kuliogopa jino la mtoto. Hofu ikibaki chemchemini, siku moja mvua itakosekana, mahindi yatakauka, na mtu atakumbuka njia ya jabalini. Hilo ndilo lililomnyima usingizi, na kwa hilo hakuwa mjinga hata kidogo.

Basi akapiga baragumu la msaragambo. Kwa wasiojua, msaragambo ni kazi ya wote. Baragumu likilia, kila nyumba hutoa mtu na jembe, iwe kuzibua mfereji au kutengeneza njia, na asiyetokea hutozwa faini. Tangu dunia ianze baragumu lile lilikuwa la kuchimbia ndiva. Siku hiyo Wakristo wa Vumboji waliitwa nalo kwenda kung'oa kaa. Walikwenda wakiimba ili wasitetemeke. Waliinua mawe, wakawakamata kwa majani ya migomba na kwa vibuyu vilivyokatwa, kwa maana hakuna aliyethubutu kuwashika kwa mkono, wakawatia katika tenga moja kubwa lenye kifuniko.

Mzee Kalutu alikuja akasimama kando. Hakupiga kelele. Aliwaambia tu kwamba wakiwaondoa kaa, maji yatawafuata. Togolani akasema vema, na tungoje. Maji yakikauka kabla ya Jumapili, yeye atakifunga Kitabu chake na kuondoka Vumboji, na kaa watarudishwa kwa mbuzi wengi kadiri Kalutu atakavyo. Yasipokauka, kaa watapelekwa jabalini na kutupwa, wawe kitu cha mwisho ambacho Vumboji itakitupa kutoka pale, na hofu iende nao. Kalutu akakubali mbele ya watu. Watu wa kwetu hawajawahi kuiacha kesi ipoe, na kesi kama ile hawakuwa wameipata tangu wazaliwe. Mashamba yalilala wiki nzima bila kupaliliwa.

Togolani alitaka kaa wafike jabalini wakiwa hai, asije mtu akasema mizimu imewachukua wenyewe. Kwa hiyo tenga liliwekwa kivulini nyuma ya jiko, na Nakijwa akapewa kazi ya kuwamwagia maji. Aliiona kazi ya kero. Kaa walinuka tope, walikwaruza tenga mchana kutwa, na alipoingiza mkono kuondoa majani makavu mmoja alimbana kidole mpaka akamtukana tusi ambalo binti wa mwinjilisti hakupaswa kulijua. Huruma hakuwa nayo, na haifai kumsingizia.

Lakini ukimpa mtu kitu akitunze, atakitazama tu. Siku ya pili au ya tatu Nakijwa aliona kaa mmoja jike amejitenga pembeni, tumbo lake limevimba chini kama mfuko. Alipommwagia maji, ule mfuko ukafunguka, wakatoka watoto, wadogo kama punje za ulezi, kila mmoja kaa kamili na magando yake. Walitembea juu ya mama yao, wakazunguka kidogo, kisha mmoja mmoja wakarudi tumboni, naye akafunga. Nakijwa akavuta kigoda akakaa. Akammwagia tena, ili aone tena. Alikaa pale mpaka uji ukaungua.

Nanzia alikuja kwa ajili ya harufu ya uji. Hakumgombeza. Aliangalia tenga, akamwangalia binti yake. Nakijwa akamwuliza kama lile la kwake, siku ile ya njiani, lilikuwa kama hili.

"Lilikuwa dogo kidogo," Nanzia akasema, akaenda kusugua chungu.

Huko Nkombo watu walikuwa wanapima maji. Kalutu alikuwa amesimika kijiti ukingoni na kukikata alama pale maji yalipofika. Kila asubuhi kundi zima lilikwenda kutazama kijiti. Maji hayakushuka. Kesho yake hayakushuka. Alhamisi ilinyesha mvua ndogo isiyo na msimu, na maji yakapanda juu ya alama. Ndiva ilijaa mpaka mlango wake ukavuja. Jumamosi Kalutu alikwenda peke yake, akachuchumaa mbele ya kijiti muda mrefu, na waliomwona walisema alifanana na mtu aliyefiwa. Togolani hakumcheka. Wafuasi wake walicheka kwa niaba yake.

Na katika kucheka walisema neno moja, wakilirudia kila nyumba: kumbe hawana kazi. Kumbe miaka yote tumewaogopa wadudu wasio na kazi. Nakijwa alilisikia chemchemini, akalisikia sokoni, akalisikia jikoni kwao kwa wageni waliokuja kumpongeza baba yake, na kila alipolisikia lilimuudhi, bila yeye kujua kwa nini. Ilimchukua muda kulipanga. Kama maji yangekauka, kaa wangerudishwa kwa heshima na damu ya mbuzi. Kwa kuwa hayakukauka, wanakwenda kufa. Mabishano yote yalikuwa juu ya maji, juu ya Kalutu, juu ya baba yake. Kuhusu kaa wenyewe hakuna aliyeuliza lolote.

Jumapili ibada ilikuwa ndefu na yenye furaha. Baadaye watu wote walishika njia ya jabalini, Wakristo wakiimba mbele, wengine wakifuata nyuma ili waone. Kalutu naye alikuja, kwa sababu alikuwa amekubali mbele ya watu, na mtu wa heshima hakimbii kesi aliyoshindwa. Nakijwa alibeba tenga kichwani. Maji ya tope yalimchuruzika shingoni na mgongoni, na ndani ya tenga mkwaruzo ulikuwa umepungua, maana jua lilikuwa kali na njia ni ndefu.

Walipofika, Togolani alisimama juu ya jabali na kusoma sheria ya kale inayosema viumbe wa majini wasio na mapezi wala magamba ni machukizo kwa watu wa Mungu. Alisoma vizuri. Kisha akafunga Kitabu, akamgeukia binti yake, akamwambia alete tenga.

Nakijwa alilitua chini. Akasimama mbele ya tenga, kati yake na baba yake, na korongo nyuma ya baba yake.

"Sipishi, baba," akasema.

Togolani alidhani hajasikia. Alipoona amesikia, alimsogelea na kumwambia kwa sauti ndogo asimwaibishe mbele ya watu. Akamkumbusha kinachopimwa pale. Kaa hawa wakirudi, upande wa Kalutu utasema kanisa limeogopa, na watu waliojifunza kusimama wima watainama tena, na wakishainama mbele ya kaa hawatakosa kitu kingine cha kuinamia. Akaelekeza kidole ukingoni mwa jabali, naye binti akajua baba yake anawataja watoto. Nakijwa alilielewa hilo. Alilielewa kuliko wote, kwa sababu hakuna mtu pale aliyekuwa na deni kwa ushindi ule kama yeye.

"Ni machukizo, Nakijwa. Umesikia yaliyosomwa," Togolani akasema kwa sauti ya watu wote.

"Nimesikia tusiwale, baba. Na hakuna aliyetaka kuwala."

Mtu mmoja akacheka, wengine wakamfuata, na Togolani akakunja uso. Akasema kwamba sheria ni sheria, na tena wote wameona kwa macho yao: viumbe hawa si wenye maji, si walinzi wa maji, hawana kazi yoyote duniani. Nakijwa akamjibu kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha watoto darasani jinsi siku ya tano Mungu alivyoyajaza maji viumbe vyake, akavitazama, akaridhika navyo. Mtu aliumbwa siku iliyofuata. Walisifiwa kabla sisi hatujakuwepo, akasema. Kazi yao aliulizwa nani?

Alichotaka kusema hasa Nakijwa alikuwa bado hajakisema, na alikiogopa.

"Na mimi nilikuwa na kazi gani?" akasema. "Siku ile uliposimama njiani, hukuwaambia wale wanaume kwamba nitakuja kukutekea maji. Hukujua hata kama nitapona. Ulisema Mungu hana takataka. Nataka kujua, baba. Ulikuwa unanisema mimi, au ulikuwa unamsema Mungu?"

Hapo hakuna aliyecheka. Katika umati ule walikuwamo vijana ambao meno yao yalitangulia juu, na mama zao walikuwa wamesimama karibu nao, na kila mmoja alijua yeye ni nani. Mmojawapo wa wale wanaume wawili wa njiani alikuwamo pia, mzee sasa, naye aliangalia miguu yake.

Togolani alikaa chini juu ya jabali kama mtu aliyechoka safari. Alikuwa anatafuta katika moyo wake maneno yale ya njiani, akayakuta, na akaona kwamba miaka yote hii aliyaamini nusu. Aliona aibu. Aliona pia fahari, na hivyo viwili vikagombana usoni pake mbele ya watu wote.

"Nilikuwa namsema Mungu," akasema mwishowe.

Mzee Kalutu akajitokeza mbele upesi, uso wake umefunguka kwa mara ya kwanza wiki ile. Akasema basi warudishwe, na yeye mwenyewe atatoa mbuzi, mweupe, leo hii. Wakristo wakaanza kunung'unika, na yale aliyoyaogopa Togolani yakaanza kutimia papo hapo. Nakijwa akamgeukia Kalutu kwa heshima, maana kwa rika lake lote alikuwa babu.

"Hapana mbuzi, babu. Wao hawakuwahi kudai kitu."

Kalutu akashangaa kweli. Hakuwa anafanya ubishi. Alimwuliza, kama mtu anayeomba kuelekezwa njia, kwamba ikiwa si wenye maji, na hawaogopwi, na hawapewi kitu, na hawana kazi, basi ni nini.

"Ni kaa, babu," Nakijwa akasema. "Mungu alitaka kaa."

Togolani ndiye aliyesimama kwanza. Alifungua tenga, akaingiza mkono mtupu, akatoa kaa mmoja, akambeba kiganjani. Kaa akambana, naye akavumilia. Akawaambia watu kwamba wamekosa mara mbili: kwanza waliwaogopa viumbe hawa kana kwamba ni Mungu, kisha wakawadharau kana kwamba Mungu hakuwaumba, na hilo la pili amewafundisha yeye. Leo watarudishwa mchana kweupe, bila damu wala pombe, wala kunyata. Na kila mtu atabeba wake kwa mkono, ili ajue alichokuwa anakiogopa na alichokuwa anakitupa.

Ndani ya tenga wachache walikuwa wamekwisha kufa kwa jua. Togolani aliwaona. Hakuwafunika haraka, aliwatazama mmoja mmoja, akamwomba Mungu msamaha kwa sauti ya kawaida, kama anavyoombwa mtu, na wengi waliokuwa karibu walisema baadaye kwamba mahubiri mengine yote waliyasahau.

Kisha wakashuka. Njia ile ilikuwa haijawahi kurudisha kitu hai tangu siku ya Nakijwa, na leo ilirudisha mikono mia iliyojaa. Watu walipiga yowe kidogo walipobanwa, wakachekana. Mzee Kalutu alisita sana. Nakijwa ndiye aliyemchagulia, akamwekea kiganjani yule jike mwenye watoto tumboni. Mzee alikaza macho yake, akingoja kufa. Kaa alitulia. Kalutu akatembea hatua chache, akasimama, akaupandisha mkono na kuushusha kama anayepima.

"Mwepesi," akasema. Alikuwa ameubeba uzito wake maisha yake yote.

Waliwaachia pale Nkombo, wakarudisha mawe mahali pake, wakaenda kula.

Kesho yake wanawake walipokuja kuteka, walikwama. Kunyata hawakutaka, hiyo ilikuwa hofu, na hofu wameiacha. Lakini kutumbukiza mtungi ovyo nako hakukuwezekana, kwa sababu kaa, kwa kuvurugwa kwao, walikuwa wametapakaa ukingoni kila mahali, wengine wachanga kama punje. Walisimama na mitungi yao wakitazamana. Ndipo Nanzia, mtu wa maneno machache, alipopita mbele, akagonga mtungi wake polepole kwenye jiwe, mara chache, kama unavyogonga mlango wa jirani aliye ndani. Akangoja. Kaa wakajivuta mmoja mmoja chini ya mawe yao. Alipoona njia ni nyeupe akainama, akateka, akaondoka akitazama mbele.

Na tangu siku hiyo watu wa Vumboji hubisha hodi chemchemini. Mitungi imekwisha, siku hizi ni ndoo na madumu, na sauti ya plastiki kwenye jiwe si nzuri kama ya udongo, lakini watu hugonga. Wa ukoo wa Kalutu bado ndio wanaoondoa majani yanayoziba pale, na hawapewi mbuzi, jambo ambalo baadhi yao hulalamikia wakishalewa. Bibi harusi anayeletwa kutoka milima mingine hufundishwa na wifi zake siku ya kwanza ya kuteka, na hakuna anayeruhusiwa kugonga kwa haraka. Jabalini hakutupwi kitu, hata jiwe la mchezo. Mtoto akiokota jiwe pale, mtu mzima aliye karibu humnyang'anya bila maelezo.

Wageni hucheka. Huuliza kama kaa wale wanaogopwa, wakaambiwa hapana. Huuliza kama ndio wanaolinda maji, wakaambiwa hapana, hilo lilipimwa zamani kwa kijiti. Huuliza kama wanaliwa basi, au wanafaa kwa dawa, wakaambiwa hapana. Mgeni hushindwa, husema sasa hao mnawabishia hodi ya nini? Na mwenyeji, ndoo imekwisha jaa, ameshaiinua nusu, humshangaa kidogo.

"Si wamo ndani?" husema, akajitwika kichwani, akashika njia.